Kibuyu cha Bibi Siwatu

Kaeni vizuri, maana mwisho wa hadithi hii mtautunga ninyi.

Bondeni Rufiji waliishi ndugu watatu. Somoe, dada mkubwa, aliujua kila mti wa bonde kwa kilele chake. Zamda, kitinda mimba, alikuwa na masikio ya kuwanyima raha wasengenyaji. Mkumba, wa kati, alikuwa fundi wa upondo. Kwa mti ule mrefu alisukuma mtumbwi hata penye matope.

Mwaka huo mto ulifurika kwa siku moja. Bibi yao Siwatu alikuwa shambani, juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu cha kuamia mpunga ndege wasiule. Wakaingia mtumbwini kumtafuta.

Mkumba hakuyaamini macho yake. Bonde lote lilikuwa maji matulivu, na samaki walipita katikati ya mahindi. Mahali fulani upondo uligonga bati. Akachungulia, akaona ni paa la jiko lao. Hofu na mshangao vikamjaa, akawa anasukuma taratibu kama mtu aliyeingia msikitini.

Njia haikuonekana. Somoe akasimama, akavisoma vilele: mvumo uliokatika, mkuyu wa makaburini, mikorosho miwili. Akawafikisha shambani bila kukosea. Lakini dungu halikuwepo. Maji yalikuwa yameling'oa.

Somoe akalia. Zamda akamwomba anyamaze. Mbali kabisa akasikia debe: mapigo mawili, kimya, pigo moja. Hivyo ndivyo Bibi alivyofukuza ndege siku zote.

Wakalikuta dungu limenasa kwenye matete, ng'ambo ya mkondo mkali. Mara tatu mkondo ukawarudisha. Mara ya nne Mkumba akavuka, viganja vikitoka damu.

Bibi akashuka na kibuyu cha mbegu ya mpunga, mbegu pekee iliyosalia katika ukoo. Kwa desturi yao mbegu hiyo haigawanywi: hupandwa na mkono mmoja, na mwenye mkono huo hurithi shamba.

"Niliapa kule juu," akasema, "kibuyu ni cha aliyeniokoa. Ni nani, wajukuu zangu?"

Mkumba akatazama viganja vyake, akataka kusema. Kisha akakumbuka kwamba bila Somoe angekuwa bado anazunguka juu ya jiko, na bila Zamda angerudi na mtumbwi mtupu. Akavifumba viganja, akawatazama wenzake.

Msiniambie kidole kimoja hakivunji chawa; hilo Bibi analijua. Maji yameanza kupungua, tope la kupandia halingoji, na kibuyu bado kiko mkononi mwake. Wewe uliyekaa hapo, ungemkabidhi nani?