Luteni Kleanthi na Jina la Marigo

Paukwa. — Pakawa.
Akatoka nani? — Akatoka mtu mzuri.
Uzuri wake uko wapi? — Usoni, kwingine tutaona.
Basi sogeeni motoni mnisikilize.

Hapo kale, huko Uyunani, palikuwa na luteni wa kikosi cha farasi, jina lake Kleanthi. Alikuwa mzuri, mzuri, mzuri, hata ukimtazama unasahau ulikokuwa unakwenda. Akipita na farasi wake, madirisha yanafunguka. Akishuka, wasichana wanaacha ndoo zao kisimani. Akitabasamu, kina mama wanawaita binti zao ndani.

Naye alijua. Ule uso ulikuwa umempatia kila kitu, mpaka akaamini hakuna mlango usiofunguka.

Mmoja haukufunguka. Ulikuwa wa Marigo, mke wa Meja Thrasivulo, mkuu wake kambini. Kleanthi akaja na maua, mlango kimya. Akaja na mpiga gita, mlango kimya. Akaja na machozi, Marigo akafungua dirisha la juu, akamwambia, "Luteni, rudi kambini. Mume wangu anakuamini, nami najiheshimu." Akafunga.

Kambini maafisa wenzake walikuwa wakinywa na kumngoja. Wakamuuliza kama safari hii amekwama. Kleanthi hakuzoea swali kama hilo. Masikio yakamwaka. Akacheka, akainua bilauri yake, akasema, "Tangu lini mimi nikakwama? Mlango wa Marigo naujua kwa ndani."

Neno lile likatoka kambini likaenda sokoni, likatoka sokoni likaenda kanisani, likatoka kanisani likaingia nyumbani kwa Meja. Marigo akaapa kuwa ni uongo. Hakusikilizwa. Akatolewa nje na nguo alizovaa, akarudi kijijini kwa mama yake, na huko nako wanawake wakawa wanamkwepa kisimani kana kwamba ana ugonjwa.

Kleanthi akavuliwa cheo mbele ya kikosi kizima. Meja akamwapia kuwa siku wakikutana tena atampiga risasi.

Akakimbilia kisiwa cha Sira, akawa mwigizaji katika jumba la michezo. Zamani hizo kazi hiyo ilikuwa aibu, na baba yake akamkana. Lakini watu walifurika. Wanaume walikuja kumchukia, wanawake walikuja kumtazama, na wote walirudi kesho yake. Kila alipotokea jukwaani wakanong'onezana: ndiye huyo, aliyeingia kwa mke wa Meja. Kleanthi akasikia, akanyamaza. Uongo wake ndio uliojaza viti.

Pale palikuwa na mwigizaji mzee, Bi Evanthia, aliyezoea kucheza nafasi ya mama yake jukwaani. Siku moja akamuuliza, "Yule mwanamke, mwanangu, yuko wapi sasa?" Kleanthi akasema hajui. Akamuuliza tena, Kleanthi akakasirika. Akamuuliza tena, Kleanthi akaacha chakula chake mezani, akatoka nje.

Jioni moja, kabla pazia halijafunguliwa, akachungulia ukumbini. Katika kiti cha mbele kabisa ameketi Meja Thrasivulo, vifungo vyote vimefungwa, mkono mmoja ndani ya koti. Kleanthi akarudi nyuma ya pazia. Bi Evanthia akamwambia mlango wa nyuma uko wazi, na iko meli inayong'oa nanga sasa hivi.

Akaenda mpaka mlangoni. Akashika komeo. Baridi ya chuma ikampanda mkononi, na ndipo akamwaza Marigo akisimama peke yake kisimani, ndoo mkononi, hakuna anayemsogelea. Akaliachia komeo, akarudi.

Pazia likafunguliwa. Alipaswa kumwambia malkia wa mchezo maneno ya mapenzi. Hakuyasema. Akavua nywele za bandia, akafuta rangi usoni kwa mkono wa joho lake, akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa. Meja akatoa bastola. Waliokaa karibu naye wakainama.

"Bwana Meja," akasema Kleanthi, "mkeo hakunifungulia. Hata mara moja. Niliogopa kuchekwa, nikamchafua."

"Unaogopa kufa," akasema Meja, "ndiyo maana unasema hivyo."

"Ningeogopa kufa ningekwisha kuondoka. Mlango wa nyuma uko wazi mpaka sasa."

Bastola ikapanda. Kleanthi akaona tundu lake jeusi, lakini hakusogea. Kisha mkono wa Meja ukashuka polepole. Akairudisha bastola ndani ya koti, akatoka. Nyuma yake watu wakaanza kumzomea Kleanthi, wengine kwa dhuluma aliyoifanya, wengine kwa sababu walikuwa wameipenda ile kashfa.

Asubuhi wote wawili wakapanda meli moja kurudi bara kwa Marigo, kila mmoja upande wake, hawasemezani. Wakafika kijijini. Marigo akatoka, akasimama kizingitini. Meja akapiga magoti, akamweleza aliyoyasikia Sira, akamsihi arudi nyumbani.

Marigo akamtazama sana. "Mimi nilikuapia, hukuniamini," akasema. "Huyu alidanganya, ukamwamini. Leo amesema kweli, umemwamini tena. Mimi utaniamini lini?"



Kisha Marigo akamgeukia Kleanthi. "Umesema Sira. Mimi sikuchafuliwa Sira."

Kleanthi akaelewa. Akaenda kambini akasema, wakampiga mpaka pua ikavunjika. Akaenda sokoni akasema, wakamtupia nyanya zilizooza. Akaenda kanisani akasema, wanawake wakashusha macho. Uso wake haukupona ukawa kama zamani. Alirudi jukwaani kucheza mabawabu na vikongwe, na hakuna aliyekuja kwa ajili yake.

Wanawake wakaanza kumsalimu Marigo. Aliitikia aliotaka kuwaitikia. Kwa Meja hakurudi. Alilima mizeituni ya mama yake, na jioni aliketi kizingitini mlango ukiwa wazi, kwa sababu alipenda upepo.

Ninalowaambia ni hili: ukimchafua mtu, kamsafishe mbele ya walewale uliomchafulia. Na wako akikuapia, usingoje mwingine aje amthibitishe.

Hadithi imefika kwake, nami nafika kwangu. Na wewe unayejitazama kwenye birika tangu nianze, umependeza, tumekuona. Sasa tumiminie chai.