Jembe Lililobaki Ikutha

Kasyoka wa Ikutha hakuwa na mume, hakuwa na umeme wa waya, hakuwa na meno ya mbele, wala Kiingereza cha kubishana na vijana. Lakini alijua kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na wakati huo vidole vilikuwa vingi.

Mwanawe Mutisya, kabla ya kwenda kufuga mbuzi malishoni Tseikuru, alizifundisha nyumba kumi kuweka akiba katika Bitcoin. "Sarafu hii haina benki. Walinzi ni sisi," aliwaambia. Kila nyumba ikawa na kompyuta ndogo ya sola iliyokagua kila ukurasa wa hesabu na kuukataa uliovunja kanuni. Wakauita ulinzi huo mwethya, yaani kazi ya ujima, kama ule wa kuchimba matuta: kila mtu na jembe lake.

Kurasa zikaanza kujazwa picha na takataka, kompyuta zikalemewa. Katika mwethya, asiyeweza kufika hutuma mtu. Basi majirani tisa wakamtuma Gedion mwenye duka la simu akague kwa niaba yao, wakazima zao.

Kisha ikaja programu mpya iliyolegeza kanuni. Wachimbaji, wenye mitambo ya kuandika kurasa, waliipokea upesi, maana wengi wao nao walikuwa wamekabidhi kauli zao kwa kampuni mbili za ng'ambo. Kasyoka akaenda dukani.

"Gedion, si tulisema tutaikataa?"

"Mama Mutisya, nimeshaiweka. Wateja wanataka pesa zitembee."

"Na wale tisa?"

"Si walinituma? Wewe endelea kulinda. Hata bundi hulinda usiku peke yake!"

Mbinya, mmoja wa wale majirani tisa, aliyekuwa akichaji simu, aliinamisha uso. "Usituangalie hivyo, mwaitu, mama yetu. Kutuma mtu ni ruhusa."

"Ni ruhusa. Lakini mmempa mtu mmoja majembe tisa, na mikono yake ni miwili."

Jioni kompyuta ya Kasyoka iliukataa ukurasa wa kwanza wa kanuni mpya. Ikasimama, ikingoja ukurasa halali ambao hakuna aliyeuandika. Ili aitumie akiba yake ya kuchimba kisima, ilimbidi azipigie magoti kanuni alizozikataa. Alikaa akiitazama taa yake ndogo ikipepesa kama jicho la mgonjwa.

Asubuhi alimwandikia Mutisya barua, kwani malishoni simu haishiki: "Mwanangu, kompyuta uliyoniachia haijafa. Inangoja peke yake, kama mimi. Washa yako."

Alijua Mutisya aliiuza yake wakati wa kiangazi. Hata hivyo akailamba bahasha, akaifunga, akampa Ridwan, dereva wa lori la mbuzi la Tseikuru. Lori likaondoka na vumbi lake. Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.