Feni Yenye Aibu

Wapendwa, mimi nimetembea. Nimelala Kigoma, nimelala Kisumu, nimelala hata kwenye viti vya uwanja wa ndege wa Addis Ababa, ambako sikupanga kulala. Kote huko nimekutana na watu wanaoelewa umeme, na nyumbani nimerudi vilevile nilivyoondoka. Nikishika bisibisi tu, mke wangu anazima swichi kubwa na kuwatoa watoto nje. Sasa mfano wa leo unahusu umeme. Mafundi mlioketi huko nyuma mnivumilie.

Kulikuwa na mama mmoja mwokaji. Miaka yote alioka kwa mkaa: sufuria, makaa chini, makaa juu ya kifuniko, na kila mara anainua kifuniko anachungulia. Akiona keki inapanda, moyo unatulia. Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Mdogo wake alipochumbiwa, wakwe wakataka keki ya harusi itoke mjini. Binti akakataa, akawaambia, "Keki ataoka dada." Heshima ya dada hapo iko wapi, wapendwa? Imo ndani ya sufuria.

Mume wake, mtu wa huruma, akaona sufuria haitoshi keki ya harusi. Akamletea oveni ya umeme kutoka hoteli moja iliyokuwa inafungwa. Ni zile zenye feni ndani, inayozungusha hewa ya moto ili keki iive pande zote. Taa ya ndani ilikuwa imeungua, na kioo cha mlango kilikuwa cheusi kwa mafuta ya miaka. Huoni kitu mpaka ufungue. Wakaiweka kwenye chumba chao cha biashara, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga unga. Kelele ya mashine ya kusaga mnaijua. Mle ndani hata ukipiga chafya hujisikii.

Siku moja kabla ya harusi, mama akaingiza keki. Akasubiri kidogo, akafungua kuchungulia, kama alivyozoea. Feni imesimama. Akafunga, akasubiri, akafungua. Imesimama. Keki ikatoka kama uji. Ya pili nayo hivyohivyo.

"Baba watoto, umeuziwa maiti."

"Hoteli nzima ilikuwa inakula kwa oveni hiyo."

"Ndiyo maana imefungwa."

Akaitwa fundi. Akapima kwa testa, umeme unafika. Fyuzi nzima. Akafungua mgongo wa oveni, akatoa feni, akaiunganisha juu ya meza: ikazunguka mpaka ikapeperusha unga wa ngano. Akairudisha mahali pake, akawasha, akafunga mlango, kisha akafungua aone. Imesimama. Akaitoa tena. Mezani inazunguka, ndani haizunguki. Akabadilisha waya, akabadilisha soketi. Akawa anafunga polepole na kufungua ghafla, kama mtu anayevizia panya. Imesimama.

"Fundi, ina nini?" mama akauliza kwa sauti ya juu, kushinda mashine.

"Mama, nimefanya kazi hii siku nyingi. Hii feni ina aibu."

"Ina nini?"

"Aibu. Ukiiangalia, inasimama."

Mume akauliza, "Fundi, hiyo ni feni au mwali?"

Mama akapiga mayai ya mwisho yaliyobaki, akaingiza keki ya tatu kwa kukata tamaa, akafunga mlango. Kabla hajapata nafasi ya kuchungulia, ugomvi ukalipuka. Mume anamlaumu fundi, fundi anailaumu hoteli, mama anawalaumu wote wawili. Wakatoka nje ili wagombane vizuri. Wakagombana kwa kirefu, mpaka msaga unga wa jirani, anayeona midomo inacheza na hasikii neno, uvumilivu ukamshinda. Akazima mashine ili ausikie ule ugomvi.

Pakawa kimya. Na katika kimya kile, kutoka chumbani, ikasikika: vuuuuu. Ikafuata harufu ya iliki.

Wote mbio ndani. Fundi akanyoosha mkono, "Ngoja nifungue nione kama inazunguka." Mama akamtangulia. Akauvuta mlango upana wa ukucha: kimya. Akausukuma: vuuuuu. Akauvuta tena: kimya. Basi akausukuma, akageuka, akauegemea kwa mgongo pamoja na joto lake lote.

Pembeni ya mlango ule, wapendwa, pana kiswichi kidogo kama punje ya hindi. Mlango ukifunguka, kinaachia: feni inasimama na moto unakatika, ili mpishi asiungue. Ukifungwa, kazi inaendelea.

"Mama watoto," mume akasema, "tuchungulie kidogo tu, isije ikaungua."

"Ukifungua, baba, kesho maharusi watakukata wewe."

Mnacheka. Nami nilicheka, mpaka nilipojiuliza oveni ile ilikuwa na ubovu gani. Balbu tu. Mengine yote yalikuwa mazima tangu siku ya kwanza. Ubovu ulikuwa unaingia na yule aliyekuja kuutafuta.

Na sisi je? Mzazi, kijana wako alisimama hapa mbele akasema pombe ameacha. Tukapiga makofi. Jioni anarudi nyumbani, hata viatu hajavua, unamwambia, "Hebu nipumulie." Kesho yake, "Nipumulie." Siku moja anachoka, anapitia mahali kabla ya kurudi, nawe unasema, "Nilijua tu." Ulijua nini? Sisemi kosa lote ni lako. Nasema ulifungua mlango ukakuta pamepoa, na pengine pamepoa kwa sababu ulifungua.

Hata Mungu tunamfanyia hivyo. Asubuhi tunamkabidhi jambo letu, tunasema amina. Chai haijapoa, tumeshafika kuchungulia.

Mtaniuliza, mchungaji, basi tusiangalie kabisa? Si itaungua? Ndugu zangu, hapo nami nimechanganyikiwa kama yule fundi. Upo wakati wa kufungua, la sivyo harusini tutapeleka makaa. Wakati huo ni upi, sikuupata Kigoma, na Addis Ababa nilikuwa na usiku mzima wa kuutafuta. Ninachojua ni kwamba yule mama aliujua kwa pua, mgongo wake ukiwa mlangoni na mashine ya jirani ikiwa imezimwa. Na wale wakwe waliotaka keki ya mjini waliomba vipande vya kwenda navyo nyumbani.

Kila mmoja wetu ana mlango wake. Mkono wako uko kwenye kitasa sasa hivi, na unajua ni kitasa kipi. Tunyamaze kidogo. Uachie.