Fisi Atamlea Mtoto

Hadithi hiyooo!
— Ilete tuione!
Ina meno!
— Ishike vizuri!

Haya. Palikuwa na Mama Pimbi na bintiye Kidawa. Kidawa hakuwa mjinga, ila herufi zilimchezea shere: akitaka kuandika baba, anaandika dada. Shuleni walimcheka. Nyumbani mama alimwaga unga kwenye ungo, akamwambia, "Chora kwa kidole, mwanangu. Kisha piga kofi kila silabi." Kila siku pa, pa, pa, taratibu.

Siku moja akaja Fisi na Ngedere karani. Fisi kavaa kanzu, kajipaka manukato. Mama Pimbi akajiuliza, tangu lini huyu akaoga?

"Mama Kidawa, nasikia mtoto hasomi. Nipe nikamlee, nimsomeshe. Weka dole gumba hapa."

Ngedere akaitupia jicho karatasi, mbiombio. "Fisi atamlea mtoto. Safi kabisa."

Mama akaisoma, naye akaona vilevile: atamlea. Lakini roho yake ikakataa.

"Kidawa, hebu isome."

"Huyo?" Fisi akacheka, he-he-heee.

Kidawa akaweka kidole. "Fi-si." Pa, pa. "A-ta-m-la." Pa, pa, pa, pa. "Mama, kofi moja limepungua. Ni atamla."

Mama akawaza. Jana tu mtoto huyu alichanganya herufi. Amwamini yeye au karani? Akamtazama Fisi: udenda unamdondoka, tii, tii, juu ya karatasi. Akamwamini mwanawe.

"Kakosea, maskini," akasema. "Ila karatasi imelowa, mzee. Mwache aandike nyingine, ajizoeze mwandiko." Akamnong'oneza mtoto neno sikioni.

Kidawa akaandika, ulimi nje, polepole. Fisi njaa inamkwangua. Tena asome nini, kilichoandikwa na asiyejua kusoma? Akabandika dole, pa. Mama naye, pa. Ngedere akapiga muhuri, pa.

"Haya, nipe mtoto wangu."

"Soma kwanza, mzee."

Fisi akasoma: Fisi atamlimia mtoto. Akamgeukia Ngedere.

"Muhuri nimeshapiga," Ngedere akasema, akitazama chini.

Basi mpaka leo Fisi analima, kwatu, kwatu, na Kidawa anakula mahindi.

Hadithi imefika kwao, nasi twende kwetu. Na funzo lake, wazazi: msiwazoeze watoto kusoma polepole kwa makofi. Wasome haraka kama karani, Fisi naye apate kula.