Mvua Ndani ya Kichupa

Hapo zamani, si zamani za majitu bali zamani za juzijuzi, palikuwa na mji mdogo kaskazini mwa India uitwao Gulnagari. Nawabu wake, yaani mtawala wake, alikwisha kufa, tembo wake walikwisha kuuzwa, na kasri lake lilisinzia juani kama mzee aliyeshiba. Kilichobaki ni bustani moja ya asumini, na Bibi Mahlaka, binti wa Nawabu, aliyeshinda na ufunguo wa bustani hiyo mkononi bila kujua ni wa nini.

Maskini, alikuwa amesahau kila kitu. Bintiye Shahista alimlisha na kumsuka nywele, na kila asubuhi mama alimwuliza kwa adabu, "Wewe mtoto wa nani?" Shahista alicheka, kisha akaenda kulia jikoni. Alitamani aitwe jina lake, hata mara moja tu.

Siku moja ya joto kali mama akanong'ona, "Bwawa la kasri lilinukia mvua ya kwanza ikiligusa. Harufu ile imekwenda wapi?"

Sasa, watu wa Gulnagari walijua kupika marashi hata ya udongo. Udongo hufinyangwa vibakuli, huchomwa, hutokoswa katika sufuria ya shaba, na mvuke wake hunaswa ndani ya mafuta ya sandali. Ukifungua kichupa, mvua imenyesha.

Shahista akamwendea Ramdini mfinyanzi. Babu yake Ramdini alifukuzwa kasrini kwa mijeledi, akaapa kwamba damu yake haitakanyaga pale tena. Ramdini akavua viatu, akaenda kuchimba bwawa lililokauka.

Kisha Shahista akamwendea Girdhari mpika marashi. Ulikuwa msimu wa waridi, na sufuria yake ilikuwa moja. Akapika udongo, waridi zikanyauka mlangoni, na riziki yake ya mwaka ikaenda nazo.

Mafuta ya sandali yakakosekana mji mzima, ila yale ya sandukuni, aliyoyaweka mama enzi za akili zake ili yapakwe sanda yake. "Usiyaguse, hata nikikuomba," alimwambia bintiye. Shahista akayachukua.

Kichupa kikafunguliwa mbele ya Ramdini na Girdhari. Mama akavuta pumzi, akafumbua macho.

"Shahista! Mbona umekonda, mwanangu?"

Loo, furaha ile! Shahista akaanguka miguuni pake.

"Nani kaniletea mvua?" mama akauliza. "Bustani ni yake."

"Bibi Mkubwa, nimevunja kiapo cha babu," alisema Ramdini. "Bila udongo ule, kingenukia nini?"

"Udongo hata ng'ombe anaukanyaga," alisema Girdhari. "Mimi ndiye niliyeutoa harufu, na wanangu watalala njaa."

Shahista akainamisha kichwa. "Mama, nimeiba mafuta ya sanda yako. Sistahili kudai. Lakini bustani ile ndiyo inayotulisha, na sina pengine pa kwenda."

Harufu ilikuwa imeanza kufifia. Mama alinyoosha mkono wenye ufunguo, na macho yake yalikuwa yakirudi ukunguni.

Haya, mnaonisikiliza, semeni upesi, kabla hajamwuliza tena Shahista ni mtoto wa nani: ufunguo ule ampe nani?