Jamvi Lisilokunjwa

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana jamvi lenyewe bado lina joto la waliolikalia, palikuwa na mji uitwao Mkunguni. Mji ulikuwa na mitaa miwili, Chokaani na Visimani, na kati yake barabara moja. Vijana wa Chokaani wakiuza unga. Vijana wa Visimani wakiuza unga. Nasema unga, msije mkabandika maji ya ugali. Nasema ule wa kulevya. Chokaani wakawaua Visimani, Visimani wakawaua Chokaani, askari wakaja kukomesha, nao wakawaua wa huku na wa huko na waliokuwa wakijipitia njia. Nimechoka hata kuihadithia, lakini mmeniomba, basi kaeni.

Siku moja akauawa Shee, kijana wa Chokaani, muuza unga kweli, simsemei uongo maiti. Mama yake, Bi Saumu, akatandika jamvi la matanga uani kwake. Hakuja mtu. Nani atamlilia muuza unga? Akangoja, kahawa ikapoa, ubani ukaisha. Akalikunja jamvi, akalitoa nje, akalitandika katikati ya barabara, pale mitaa miwili inapokutana. Akasema, "Asiyekuja kwangu atanipitia." Akaketi, akalia.

Wa pili kuja alikuwa Mzee Kombo wa Visimani, msukaji wa vitanda vya kamba. Binti yake Riziki alipigwa risasi ya askari akitoka chuoni, juzuu mkononi. Mzee Kombo akavua viatu, akaketi upande wa wanaume, ambao ulikuwa na yeye tu. Jioni vijana wa Visimani wakaja na mapanga, wanataka kuvuka. Mzee akasimama. "Hapa ni matangani," akasema. "Matangani mtu haingii na viatu wala haingii na silaha. Vueni, wekeni chini, mketi mnywe kahawa." Vijana wakatazamana. Mtu anaweza kumuua mwenziwe, lakini kukanyaga jamvi la msiba kwa viatu, hapana, mama yake atasikia. Wakarudi walikotoka.

Wa tatu alikuwa Mishi, mjane wa askari, naye mjamzito. Mumewe aliuawa na kundi la Shee huyohuyo. Badala ya kukaa eda ndani, akaja kuikaa barabarani, watu wakashika vichwa. Akaketi bega kwa bega na mama wa aliyemfanya mjane. Bi Saumu akammiminia kahawa, na Mishi akaipokea. Askari walipokuja na gari lao wakamwona mjane wa mwenzao, wakageuza.

Basi wafiwa wengine wakaja, jamvi likaungwa na jamvi, na risasi zikanyamaza. Vijana wa mitaa yote miwili na askari wakaapa: maadamu pana matanga hapa, havuki mtu. Na matanga ni watu wawili. Mmoja peke yake juu ya jamvi si matanga, ni mtu kajipumzikia tu.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Amani ikizoeleka, watu huisahau ilikotoka. Wafiwa wakapungua mmoja mmoja. Huyu kahama, huyu kafa, huyu kasema narudi sasa hivi. Wakabaki wale watatu wa kwanza. Waliokuwa wakiwaambia "poleni" wakawa wanawaambia "bado mpo?" Wenye mikokoteni wakalalamika kwamba jamvi linaziba njia. Mara moja mvua ilipolilowesha wakalikunja kwenda kulianika, na kabla halijakauka kijana akapigwa risasi ya mguu. Hakufa, ila mpaka leo anachechemea. Wakalitandika tena likiwa bichi.

Wakawa wanapokezana: wawili wakae, mmoja akaoge, akalale, arudi. Na hapana wa kuwasaidia, maana jamvi lile halikaliwi ila na aliyefiwa katika vita vile, aliyekwisha kuanua matanga yake hayarudii, na vita vimekoma. Akipatikana mtu wa kuwapokea, ujue pamekufa mtu. Kwa hiyo kila alfajiri walimwomba Mungu asiwaletee wa kuwapumzisha.

Siku moja Mishi akasema, "Wazazi wangu, kupokezana kumetushinda. Mmoja wetu aende moja kwa moja."

Wote walijua maana yake. Wawili watakaobaki wangelala hapo na kuamkia hapo, wasiinuke ila kwa swala na haja. Kila mmoja alikuwa amekwisha kuliwaza jambo hilo peke yake.

Bi Saumu akasema, "Niende mimi. Jamvi ni langu, nimelitandika nikiwa na miguu, sasa nina magogo. Nataka nikamlilie mwanangu uani alikojifunzia kutembea. Hapa namlilia kwa haya. Kila nikianza, namwona Mishi pembeni, nafuta machozi. Shee sijamlilia sawasawa hata siku moja."

Mzee Kombo akasema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, dada, sikukatalii. Wangu hakuuza wala hakushika bunduki, lakini si hilo. Mama yake Riziki yuko ndani, tangu siku ile hasemi wala hatoki. Zamu yangu ya kwenda nyumbani ikifika, nafika nimekwisha kulia, sina chozi la kumpa. Binti yangu nimemlilia na mji mzima, isipokuwa na mama yake. Nataka nikae naye angali ananitambua."

Mishi akasema, "Eda yangu ilikwisha, jamvi halikwisha. Mwanangu amejifunzia kutambaa hapa. Wenziwe wakicheza harusi, yeye anacheza kilio. Akikutana na mkubwa hasemi shikamoo, anasema pole. Pana mtu wa bara ananitaka pamoja na mwanangu, naye anasafiri Ijumaa, hatarudi. Na wewe mama, jamvi ulilitandika wewe, lakini aliyetuleta sote hapa ni mwanao."

"Najua," akasema Bi Saumu. "Ndiyo maana sikwambii kaa."

Mwenye mkokoteni akapita pembeni. "Bado mpo?"

"Tupo," wakajibu wote watatu.

Wakawaita watu wa Mkunguni waamue. Mkunguni ikasema ina shughuli. Ijumaa ndiyo kesho, na hakuna aliyeinuka, wala aliyemwambia mwenziwe aketi.

Basi nimewaletea nyinyi, mliokaa kwenye mikeka mnayoweza kuikunja mkitaka. Msiniambie wote watatu, kwani mnajua litakalofuata. Msiniambie hapana hata mmoja, kwani hilo ndilo walilonalo. Nijibuni, lakini kwa sauti ambayo wale wawili watakaobaki wataisikia. Je, nani anastahili kuinuka?