Shule ya Mawe ya Kighala

Nyamazeni kidogo, wakubwa kwa wadogo, mnipe masikio. Na anayependa kubishana asogee mbele, maana leo nitamhitaji.

Zamani, siyo zile za wanyama kusema, bali zile ambapo bati lilikuwa kitu cha kutazamwa na gari moshi lilikuwa bado geni kule Voi, palikuwa na kijiji kwenye milima ya Taita kikiitwa Kighala. Na Kighala kilijaliwa watu watatu wenye mikono ya ajabu.

Wa kwanza alikuwa Mkawasi, mjane, mfinyanzi wa vyungu. Yeye aliujua udongo. Alichota kiasi cha kujaa kiganja, akaukanda, akaunusa, kisha akakuambia chini yake kuna maji, kuna mwamba, au kuna mahali patakapoporomoka.

Wa pili alikuwa Mwandoe, mwashi, mfupi, mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya bonde. Yeye aliyajua mawe. Aliligonga jiwe kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi, akatega sikio, akasema, "Hili litapasukia hapa." Na lilipasukia hapo.

Wa tatu alikuwa Righa, seremala, mrefu, mwenye maneno machache. Yeye aliijua miti. Alifanya kazi kwenye reli ujana wake wote, akarudi mlimani na misumeno na namna ya kuunganisha mbao ambayo hakuna aliyepata kuiona. Alirudi pia na mabati, akaezekea nyumba yake. Ndiyo ilikuwa nyumba pekee ya bati Kighala, na mvua ikinyesha watu walisimama nje kuisikiliza.

Sasa, Kighala kilikuwa na shule, na shule ilikuwa na mwalimu mmoja, kijana aliyeitwa Eliakimu. Shule yenyewe ilikuwa kibanda cha miti na udongo chenye paa la nyasi, kimejengwa bondeni karibu na kijito. Masika yalipokuja, kijito kikafura, kuta zikanywa maji, na Jumapili moja watu wakiwa ibadani kibanda chote kikalala chini kama ng'ombe aliyechoka. Mwalimu Eliakimu alisimama mbele ya lile rundo la matope na nyasi, akawaza: ingekuwa Jumatatu, je?

Haukupita muda mrefu akaja mkaguzi wa shule, Mzungu aliyevaa kofia pana. Alilizunguka lile rundo, akatikisa kichwa.

"Nitarudi kabla ya vuli," akasema. "Nikikuta shule ya mawe, yenye madirisha na paa lisilovuja, mwalimu atabaki. Nisipoikuta, nitamhamishia nyikani, na watoto wenu watamfuata huko kwa miguu yao."

Kutoka Kighala hadi nyikani! Mtoto aondoke alfajiri, arudi giza limeingia, na njiani kuna tembo. Hakuna mzazi ambaye angekubali. Wote walijua maana ya maneno yale: shule imekwisha.

Eliakimu hakulala njaa usiku ule, lakini ladha ya chakula hakuijua. Kulipokucha akawaita watu. "Tunajenga," akasema. "Swali ni wapi."

Ndipo vurugu ikaanza. Huyu anasema kule, yule anasema kule. Mkawasi akazunguka nao kila mahali, akichota, akikanda, akinusa, akitupa. "Hapa maji. Hapa pataporomoka. Hapa msijenge hata banda la kuku." Mwisho wakafika kwenye shamba tambarare lililokaa vizuri juu ya mwamba, lililostawi maharagwe. Akachota udongo, akaukanda, akaunusa, asiutupe.

"Vipi hapa, mama?" Eliakimu akauliza.

"Hapa ndipo," akasema Mkawasi. "Na hapa ni kwangu."

Watu wakainamisha vichwa. Lile lilikuwa shamba lake zuri, na la pekee. Mkawasi akapiga magoti, akang'oa shina la kwanza la maharagwe kwa mkono wake mwenyewe, akalitupa kando. "Mbona mnanitazama? Leteni majembe!" Na siku zilizofuata akawaongoza akina mama kuchimba mtaro mpana nyuma ya kiwanja, upande wa mlimani. Vijana walimcheka. Mtaro wa nini mahali pakavu hivi? Mkawasi akaendelea kuchimba.

Ikaja zamu ya kuta. Lilikuwapo jabali kubwa kuliko nyumba. Mwandoe akalizungushia kuni, akaliwashia moto mchana kutwa, kisha akapiga kelele, "Maji!" Akina mama wakamwaga mitungi kwa pamoja, na jabali likalia mlio wa bunduki, likapasuka. Watoto wakaruka wakishangilia! Mwandoe akachonga, akapanga, akafunga kona kwa mawe marefu yanayopishana, moja likienda huku, jingine kule, kama vidole vya mikono iliyoshikana. Eliakimu aliomba madirisha yawe mkono wa kushoto wa watoto, ili kivuli cha mkono unaoandika kisiangukie kibao, na Mwandoe akayaweka huko huko, mapana, yanayotazama mashariki. Lakini walipokuwa wakipandisha jiwe refu la juu ya mlango, kamba ikakatika. Jiwe likamwangukia Mwandoe mguuni, likauponda.

Watu walidhani kazi imesimama. Kesho yake asubuhi wakaona kitanda cha kamba kinapanda kilima kwenye mabega ya wanaume, na juu yake Mwandoe, mguu umefungwa magome, anafoka: "Upesi! Mnanibeba kama maiti!" Kila siku alibebwa hivyo. Akajenga akiwa ameketi, na palipohitaji kusimama alisimama kwa mguu mmoja huku jasho la maumivu likimchuruzika. Kuta zikafika juu. Ule mguu haukupona tena sawasawa.

Likabaki paa. Righa alikuwa tayari amepasua mbao na kuunganisha kenchi za kubeba paa, nzito, zimefungwa kwa mbao za mshazari kama alivyoona kwenye madaraja ya reli. Mabati yangetoka Voi. Wakangoja. Wingu la vuli likaanza kuchungulia juu ya mlima, na habari ikaja kutoka Voi: mabati hayapo, na hayajulikani yatafika lini. Mkaguzi naye yuko njiani.

Eliakimu aliposikia hivyo alikaa chini kwenye sakafu mpya ya shule isiyo na paa, akatazama mbingu. Akasikia mlio: kwaa, kwaa! Akatoka mbio. Righa alikuwa juu ya nyumba yake mwenyewe, anang'oa misumari. Chini, mkewe ameshika kiuno.

"Baba Mshai! Umerukwa na akili? Mvua inakuja!"

"Ndiyo sababu nafanya haraka," akajibu Righa. "Pokea hili, taratibu, lina makali."

Mkewe alimtazama, akatazama wingu, akatazama kuta kule juu. Kisha akanyoosha mikono, akalipokea bati. Kijiji kizima kikaja kubeba. Mabati yalipanda kilima yakimetameta juani kama msafara wa vioo, na watoto wakakimbia mbele wakiimba. Familia ya Righa ikahamia chini ya nyasi zilizoezekwa kwa haraka.

Siku ya mkaguzi ikafika. Asubuhi ilikuwa njema. Watoto wameketi, wameoga, vibao magotini, mwanga umewajaa usoni kutoka kushoto. Mkaguzi akaingia, akavua kofia. Eliakimu akainua mkono, watoto wakaanza kusoma kwa sauti moja. Moyo ulimdunda kwa furaha hata akasahau kuushusha ule mkono.

Mara nje pakawa giza. Vuli iliwahi kufika, ikafika kwa hasira. Mvua ilipiga mabati kwa kishindo hata midomo ya watoto ikawa inacheza bila sauti. Kisha ukatoka mngurumo mwingine, si wa radi. Ulitoka mlimani.

"Chini! Wote chini, katikati!" Eliakimu akapaza sauti.

Kupitia dirishani aliona tope lote la mteremko likija, jekundu, limebeba vichaka. Likaingia kwenye mtaro wa Mkawasi. Likafura, likajaa, likapanda hadi ukingoni, na hapo likageuka! Likapita pembeni ya shule na kuporomokea bondeni, kule kule kilikokuwa kibanda cha zamani. Sakafu haikutikisika.

Hajavuta pumzi vizuri, jiwe kubwa likaruka mtaro na kuigonga kona ya nyuma. Eliakimu alikuwa ameegemea ukuta ule, amewafunika watoto wawili kwa mwili wake. Alihisi pigo mgongoni kama teke. Chokaa ikamwagika. Yale mawe marefu yakashikana, na ukuta ukabaki umesimama.

Kisha mti mkubwa uliong'olewa mizizi ukaja kulala juu ya paa. Mabati yakapiga ukelele, yakabonyea. Kenchi zikalia, zikapinda kidogo, watoto wakafumba macho. Zikasimama hapo. Halikushuka hata tone moja la maji.

Mvua ilipokatika, wazazi walikuwa wamekwisha kupanda kilima wakilia. Mlango ukafunguliwa, watoto wakatoka mmoja mmoja, wazima wote, na kilio kikageuka vigelegele. Mkaguzi alitoka mwisho, tope kwenye viatu, anacheka peke yake kama mtu aliyepewa zawadi.

"Mwalimu atabaki," akasema. Wakambeba mkaguzi juu juu. Alipowekwa chini akaonyesha jiwe la juu ya mlango. "Shule lazima iwe na jina. Wekeni la aliyewapa shule hii. Lakini moja tu, na lichongwe sasa, nilione kabla sijaondoka."

Vigelegele vikakatika.

"Basi ni langu," akasema Mkawasi bila kusita. "Mguu wa Mwandoe utapata fimbo ya kuusaidia, mabati ya Righa yatanunuliwa mengine. Shamba langu liko wapi? Mmesimama juu yake. Na bila mtaro wangu, sasa hivi mngekuwa mnafukua."

"Shamba lilikuwapo tangu enzi za babu zetu, mama, na mtoto hakusoma humo hata herufi moja!" Mwandoe akanguruma kutoka kwenye kitanda chake cha kamba, walichombebea hadi pale. "Mwambie mtu achore shule, atachora kuta. Mimi niliingia katika kazi hii kwa miguu miwili, natoka na mmoja."

Righa akakohoa. "Kuta bila paa ni zizi la mbuzi," akasema kwa upole. "Mwalimu angekuwa nyikani leo. Na wanangu, mvua hii ya leo, wamenyeshewa ili wenu wakae pakavu."

"Tuiite Kighala," Eliakimu akajaribu, "jina letu sote."

"Kighala ni kilima!" wakasema wote watatu kwa pamoja. "Kilima kilichimba nini?"

Watu wakaangua kicheko, kisha wakaanza kugawanyika, hawa huku, hawa kule, sauti zikipanda. Mkaguzi akamkabidhi Eliakimu patasi na nyundo za Mwandoe. "Wewe ndiye uliyekuwa ndani," akasema. "Amua wewe."

Eliakimu akapanda ngazi. Alikuwa ameliona tope likigeuka kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa amelihisi pigo la jiwe kwa mgongo wake mwenyewe. Alikuwa amezisikia kenchi zikilia juu ya kichwa chake mwenyewe, na kila mara alikuwa amesema moyoni, huyu ndiye aliyetuokoa. Akaiweka patasi juu ya jiwe. Akainua nyundo. Chini, Mkawasi amekunja mikono, Mwandoe ameinuka kwa kiwiko, Righa anamtazama bila kupepesa, na watoto wote, midomo wazi, wanangoja kusoma herufi ya kwanza.

Mimi nimefika hapo. Haya, semeni ninyi: nyundo ingekuwa mkononi mwako, ungechonga jina la nani, na wale wawili wengine ungewaambia nini?